Fikira Zinazofundishwa: Kitabu Alichoandikiwa Kinyozi wa Wittenberg



Neno tunalojifunza mwezi huu ni kutafakari. Wengi wetu twalijua katika Zaburi, lakini tukiulizwa mtu atafakarije, twanyamaza. Tena twasikia watu wakisema kwamba fikira za mtu zina nguvu ya ajabu: mtu akijua kuzituliza na kuziamuru, aweza kujigeuza awe mtu mpya, aondoe hofu, ashinde ulevi, hata apone magonjwa. Wako washarika wanaoyashika maneno hayo upesi. Wako wengine wanaoyakataa yote pamoja, hata kutafakari kwenyewe wakakuogopa kama kitu kigeni.

Yafaa tuyapime mambo haya kwa utulivu. Tutayapima kwa habari za mtu mmoja, kinyozi wa mji wa Wittenberg katika Ujerumani, ambaye Martin Luther alimwandikia kitabu cha jambo hili mwaka 1535. Habari zake zina mafundisho mema, tena zina huzuni. Hatutaificha huzuni hiyo, maana ndani yake mna fundisho kubwa kuliko yote.

1. Kinyozi na kitabu chake

Jina lake Peter Beskendorf. Kazi yake ilikuwa kunyoa watu, na Luther alikuwa mmoja wa hao aliowanyoa, wakawa marafiki. Peter hakuwa mwalimu wala mchungaji. Alikuwa mtu wa kazi, mwenye duka na wateja na nyumba ya kutunza, naye alitaka kujua mtu wa namna yake asali jinsi gani.

Luther alikuwa amekwisha kuyajua maisha ya watawa, maana aliingia katika nyumba yao huko Erfurt mwaka 1505, akasali saa zao zote mchana na usiku. Lakini hakumwambia Peter aige watawa. Alimwandikia kitabu kidogo cha njia nyepesi ya kusali, akamweleza anavyofanya yeye mwenyewe. Kitabu hicho kilipigwa chapa mara kadhaa katika mwaka uleule, na hata leo chasomwa katika lugha nyingi.

Shauri lake ni hili. Mtu aonapo moyo wake umepoa, hauna hamu ya kusali, kwa sababu ya kazi au mawazo mengi, asingoje mpaka hamu ije. Na achukue Zaburi zake, aingie chumbani, au aende kanisani pamoja na wenzake, aanze kusema taratibu Amri Kumi, na Imani ya Mitume, na maneno ya Kristo au ya Paulo, kama mtoto asomavyo somo lake. Sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku. Na mtu ajilinde sana na wazo lile linalosema: ngoja kidogo, maliza kwanza jambo hili, utasali baadaye. Maana jambo moja huvuta la pili, na la pili huvuta la tatu, hata siku imekwisha na sala haikusaliwa.

Kisha Luther anampa mfano wa kazi yake mwenyewe. Kinyozi mwema, asema, huziweka fikira zake na macho yake juu ya wembe na nywele, wala hasahau amefika wapi. Akianza kupiga domo na kutazama huku na huku, atamkata mtu mdomo au pua, labda hata koo. Basi kama kazi ya wembe yataka mtu mzima, na moyo wake wote, je, sala haitaki zaidi?

Twauona hapa uhodari wa mwalimu huyu. Hakumwambia Peter kwamba hajui kutafakari. Alimwonyesha kwamba ajua tayari, kwa kuwa mikono yake yafanya hivyo kila siku. Hata mshonaji anayefuata mstari wa chaki ajua, na mama apepetaye mchele ajua, na dereva ashukaye mlima wenye kona nyingi ajua. Kutafakari si ufundi mgeni. Ni kuuweka moyo mahali pamoja na kuukalisha hapo.

2. Nia yaweza kufundishwa

Basi neno la kwanza tulikubali bila shaka: nia ya mtu yaweza kufundishwa, na mafundisho humgeuza mtu. Hata wachunguzi wa mwili wameona jambo hili. Mwaka 2000 wachunguzi wa London walitangaza habari za madereva wa teksi wa mji ule, ambao hawapewi ruhusa ya kazi mpaka wamejifunza kwa moyo maelfu ya njia zake. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu moja inayomsaidia mtu kukumbuka mahali na njia ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Tena kadiri dereva alivyozidi kukaa katika kazi hiyo, ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa.

Kwa hiyo tusimcheke asemaye kwamba fikira zina nguvu. Ila tukumbuke kwamba nguvu hiyo hufanya kazi kwa mema na kwa mabaya pia. Mtu aamkaye kila asubuhi akikumbuka alivyodhulumiwa na ndugu yake katika shamba la urithi, na usiku akalala na jambo lilo hilo, huyo naye anatafakari. Anaisomesha nia yake somo la chuki, nayo italijua vizuri. Hakuna mtu asiyetafakari. Liko swali moja tu: anatafakari neno gani?

3. Shada la nyuzi nne

Luther alimfundisha Peter kulishika neno moja na kulisokota kama shada lenye nyuzi nne. Uzi wa kwanza ni fundisho: Mungu ananitaka nini katika neno hili? Wa pili ni shukrani: amenipa nini? Wa tatu ni toba: nimekosa wapi? Wa nne ni ombi: nina haja ya kuomba nini? Kwa njia hiyo amri moja yawa kitabu cha shule, na kitabu cha nyimbo, na kitabu cha kuungama, na kitabu cha sala.

Tuchukue amri ya 5, ile inayokataza kuua, tujifunze kwa mfano wake.

Katika fundisho twajiuliza Mungu ataka nini, nasi twaona kwamba hakatazi kisu tu. Anataka nimpende jirani yangu, nisimdhuru kwa mkono, wala kwa ulimi, wala kwa kumwacha katika shida ninayoweza kuiondoa.

Katika shukrani twaona jambo ambalo wengi hawajaliwaza: amri hii imewekwa pia kwa ajili yangu mimi. Mungu amejenga ukuta kuzunguka uhai wangu, akawaambia watu wote wasiuvunje. Nalala usiku na kuamka kwa sababu ya ukuta huo.

Katika toba twajichunguza. Nani asiyemwona mwenzake njiani na moyo wake ukakaza? Nani asiyeshangilia kidogo aliposikia adui yake ameanguka?

Katika ombi twaomba tupewe moyo mwingine, nasi twawaombea wale wenye hasira, na wale walio hatarini kwa sababu ya hasira za watu.

Luther aongeza onyo zuri. Si lazima mtu amalize nyuzi zote nne, wala amri zote kumi, katika siku moja. Akipata wazo jema njiani, aache mengine, anyamaze, asikilize. Maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri, na neno moja la mahubiri yake lapita maneno mengi ya sala zetu. Shabaha ya kutafakari ni moyo upate kuwaka. Kuni zikishika moto, hakuna haja ya kuwasha kiberiti kingine.

4. Jumamosi kabla ya Pasaka

Sasa twafika penye huzuni. Kitabu kilitoka mwanzo wa mwaka 1535. Tarehe 27 Machi mwaka huo, Jumamosi iliyotangulia Pasaka, Peter alikuwa mezani pamoja na mkwewe aitwaye Dietrich, mume wa binti yake. Dietrich alikuwa askari. Alijisifu kwamba anayo siri ya kuulinda mwili wake, hata silaha haiwezi kumjeruhi. Peter, akiwa amekwisha kunywa, alichukua kisu akamchoma. Dietrich akafa.

Kwa sheria ya wakati ule Peter alistahili kuuawa. Luther na wengine walimwombea mbele ya watawala. Katika Julai hukumu ilitolewa: aliachiwa uhai wake, lakini alipotewa na mali yake, akafukuzwa Wittenberg, akaenda kukaa Dessau.

Ndugu, na tusimame kidogo hapa. Mtu huyu alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake mwenyewe. Ndani yake alifundishwa kuitafakari amri ya 5. Ndani yake alionywa kwamba asiyeangalia mkono wake aweza kumkata mtu koo. Na majuma machache baadaye kisu kilikuwa mkononi mwake na damu ya mkwewe juu yake.

Watu husema: kumbe kutafakari kwake kulikuwa bure! Maneno kama hayo twayasikia hata katika sharika zetu. Mzee wa kanisa ameanguka, au mwimbaji wa kwaya, au mwalimu, na watu huambiana kisimani: mwaona basi, sala zake zote zilikuwa za uongo. Yatupasa kujibu vizuri, maana jibu letu litatuonyesha kama tumeelewa kutafakari ni nini.

Kwanza, tuwatazame watu wawili pale mezani. Mmoja aliamini kwamba anayo nguvu ya siri isiyoshindwa. Wa pili aliacha ulevi uishike nia yake. Makosa haya mawili ni ndugu. Yule asemaye, mimi siwezi kujeruhiwa, na yule asemaye, mimi siwezi kuanguka tena, wote wawili wamemfukuza mlinzi mlangoni. Mtu akitumia kutafakari kama hirizi, afikiri kwamba kwa kuwa amesali asubuhi hawezi kudhurika jioni, ameligeuza neno la Mungu kuwa kama siri ya Dietrich.

Pili, tunda huhitaji muda. Mwaka 1539 Luther aliandika dibaji ya kitabu cha maandiko yake ya Kijerumani, akataja mambo matatu yanayomfanya mtu awe mjuzi wa Mungu: sala, kutafakari, na majaribu. Alisema kwamba kutafakari si kwa moyo tu, bali pia kwa kinywa, mtu akilisema neno na kulisoma tena na tena. Wala asichoke akadhani kwamba amelielewa kwa kulisoma mara moja au mbili. Atakayechoka mapema atakuwa kama matunda yaangukayo kabla ya kuiva. Nasi twaona kwamba aliyaweka majaribu mwisho. Kutafakari hakuondoi majaribu. Hutangulia mbele yake.

Tatu, twaona jinsi Luther alivyofanya. Hakumkana rafiki yake. Hakusema, simjui mtu huyu. Alisimama mbele ya wakuu akamwombea. Hivyo ndivyo usharika uwapasavyo kuwa kwa mtu aliyeanguka: usiite dhambi kwa jina zuri, wala usimtupe aliyeitenda.

5. Neno latoka wapi?

Sasa twaweza kuzipima njia nyingine ambazo watu husifu. Katika Ufaransa alikuwako muuza dawa aliyeitwa Émile Coué, aliyeishi tangu 1857 hata 1926. Aliona kwamba wagonjwa walipata nafuu zaidi alipowasifia dawa yao. Kwa sababu hiyo aliwafundisha watu wajiambie, asubuhi na jioni, mara 20, sentensi moja fupi ya kwamba hali yao inazidi kuwa njema; nao walihesabu kwa uzi wenye mafundo 20. Watu wengi walimfuata katika Ulaya na Marekani.

Tena katika Marekani, mwaka 1979, mwalimu Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Aliwafundisha kwa majuma kadhaa kukaa kimya na kuangalia pumzi yao, akiyatwaa mazoezi hayo katika desturi za Wabuddha. Siku hizi mazoezi ya namna hiyo yatumika katika hospitali nyingi, na wagonjwa wengine wamesaidiwa kuvumilia maumivu na kupunguza wasiwasi.

Hatukatai kwamba tumaini humsaidia mgonjwa. Madaktari wajua vema ya kuwa mgonjwa akitumaini dawa aweza kuona nafuu hata kama ndani yake hamna dawa. Wala hatusemi kwamba kuangalia pumzi ni dhambi. Pumzi ni kipawa cha Mungu, na mwenye wasiwasi akipumua taratibu hutulia. Mambo hayo tuyaweke mahali pake, pamoja na chakula chema na usingizi wa kutosha.

Lakini tumwulize kila mwalimu wa fikira swali moja: neno unalonipa latoka wapi? Katika njia ya Coué asemaye na asikiaye ni mtu mmoja. Najiambia kwamba nazidi kuwa mwema. Siku ninapozidi kuwa mwema kweli, neno hilo lapendeza. Lakini tumfikirie Peter njiani kuelekea Dessau. Mali yake imekwenda, mji wake umemkataa, binti yake ni mjane kwa mkono wake. Ajiambie nini mtu huyo? Akijiambia kwamba hali yake inazidi kuwa njema, ni uongo. Akijiambia kwamba yeye ni mwuaji, ni kweli, lakini kweli hiyo yaua.

Mtu wa namna hiyo anahitaji neno lisilotoka moyoni mwake. Na njia aliyofundishwa inalo. Uzi wa tatu ni toba: hapo aweza kulitaja tendo lake bila kulificha. Na katika Sala ya Bwana, ambayo Luther alimwonyesha kuitafakari ombi kwa ombi, ombi la 5 laomba msamaha. Kitabu kilekile kilichomwonya kabla ya kisu kilikuwa bado na neno la kumwambia baada ya kisu. Hapa ndipo ilipo tofauti. Nguvu ya nia humfaa mtu maadamu nia yake ni nzima. Neno la Mungu humfuata hata nia ilipovunjika.

Hii ndiyo maana ya Paulo katika Warumi 12:2, asemapo juu ya kugeuzwa kwa kufanywa upya nia. Hasemi mtu ajigeuze. Mtu hugeuzwa, naye huwekwa mahali ambapo kugeuzwa huko kwafanyika. Kutafakari ni kukaa mahali hapo.

6. Mambo ya kutenda

Waalimu na wainjilisti wataulizwa: tuanzeje? Twashauri hivi.

Chagua neno fupi. Amri moja, au ombi moja la Sala ya Bwana, au mstari mmoja wa Zaburi yatosha kwa siku. Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529, ina maneno ya kutosha mwaka mzima.

Lisema kwa kinywa. Katika Zaburi ya 1 neno la Kiebrania lililofasiriwa kutafakari lina maana ya kunong'ona au kunguruma. Neno lilo hilo latumika katika Isaya 31:4 kwa simba aungurumaye juu ya windo lake, na katika Isaya 38:14 kwa sauti ya hua. Basi mtu asidhani kwamba kutafakari ni kukaa kimya tu. Midomo isaidie moyo.

Pita katika nyuzi nne polepole. Asiyejua kusoma naye aweza, akifundishwa neno kwa moyo. Mama aweza kulisokota shada hili akikoka moto.

Fikira zikitoroka, zirudishe bila hasira. Hata mchungaji wa mbuzi hamchinji mbuzi kwa sababu ametoka njiani, humrudisha.

Maliza kwa tendo moja. Kama neno lilikuwa juu ya jirani, mwende jirani. Kama lilikuwa juu ya kinywaji, usipite njia ya kilabuni jioni ile. Peter hakukosa neno siku ile. Alikosa mlinzi mezani.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Katika juma lililopita, ni neno gani ulilolitafakari zaidi, jema au baya? Lilikufundisha nini?
2. Isokote amri ya 7, inayokataza kuiba, kwa nyuzi nne. Waweza kumshukuru Mungu kwa jambo gani katika amri hiyo?
3. Siri ya Dietrich na kutafakari kwa Mkristo zatofautiana jinsi gani? Je, tumewahi kuitumia sala kama hirizi?
4. Luther alimwombea Peter mbele ya wakuu. Katika usharika wetu yuko nani aliyeanguka, ambaye hakuna aliyemwendea bado?

Swali la mwisho lisijibiwe kwa maneno katika mkutano. Kila mmoja alichukue nyumbani, alitafakari asubuhi, na kabla jua halijatua amwendee mtu huyo.